Mbwa Alikuwa Akimtazama Nani

9 Januari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua utaanza kwa kuuliza kwa nini barua na si simu, halafu utakumbuka ni wewe mwenyewe uliyesema simu inakufanya ujibu kabla hujafikiri. Basi nimekupa nafasi ya kufikiri. Huku tu wazima. Mtoto ameota jino la pili na analijaribia kwenye bega langu. Baba yake kikohozi kimemwachia. Mama ameniambia goti la mkazamjomba limepungua uvimbe. Mwambie asijione amepona akaanza tena kubeba ndoo mbili mbili.

Kazini bado niko chumba kile kile cha ghorofa ya tatu. Kiyoyozi kinavuja, tumekitegea beseni, na kila asubuhi tunapokezana kumwaga maji. Kazi yangu ni ile niliyokueleza mwaka jana ukacheka: kutunga mitihani ya mashine inayoongea, hiyo wanayoiita akili mnemba. Mimi siitengenezi. Mimi ni mwalimu mkali anayeitungia maswali.

Sasa kuna hospitali inataka kuiweka mlangoni, iwapokee watu wenye majonzi kabla hawajafika kwa mshauri. Wanachosubiri ni ripoti yangu, iwaambie kama mashine inaelewa yaliyo kichwani mwa mtu mwingine. Naipa visa vifupi. Mfano: fundi ameweka spana kwenye sanduku jekundu, akaenda kunywa chai, mwenzake akaihamishia kwenye sanduku la kijani, fundi akirudi atafungua lipi kwanza? Mtoto wa miaka mitano anajua atafungua jekundu, kwa sababu fundi hajui kilichotokea. Mashine imepata maswali tisini na manne kati ya mia. Wakubwa wanashangilia. Mimi silali vizuri, na sijui kwa nini.

Mkubwa wetu amesema tujifunze kwa watu waliozoea kuchungulia akili zisizo kama zetu. Akamleta mama mmoja anayechunguza watoto wachanga, na bwana mmoja anayefuga kunguru. Mimi nikasema nina mjomba aliyekaa na mbwa miaka ishirini na miwili. Wenzangu wakacheka, ila mkubwa akasema niandike nikuulize. Basi nakuuliza, na unijibu kikazi: unajuaje kwamba mbwa anajua?

Mpwa wako

30 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, maana mama watoto alikuwa anakaanga vitunguu na akataka kusikia. Amesema nikuandikie kwamba ndoo ni zake na goti ni lake. Huyo mtoto anayeuma msimgombeze, ukoo wetu hakuna asiyeuma. Mama yako alikuwa hapa Jumapili, akala vizuri, akanisema kuhusu uzito wangu, akaondoka.

Mimi mzima, na kazi ghalani ni ile ile. Malori yanaingia alfajiri, wachukuzi wanashusha na kupanga, kisha mimi na Karani tunapita katikati ya safu za masanduku kunusa kama kuna dawa za kulevya. Karani umemwona kwenye picha, yule mweusi wa sikio lililokatika. Tulimwita hivyo kwa sababu hapiti sanduku bila kulikagua. Akikuta harufu habweki wala hakwaruzi. Anakaa kitako tu, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Unauliza najuaje kwamba anajua. Loh, wasomi hamkosi kazi. Anakaa, tunafungua, kitu kimo. Siku nyingine hakimo, lakini hiyo ni kwa sababu mwenye mzigo amewahi kukihamisha na harufu ndiyo iliyobaki. Mbwa ana sababu gani ya kusema uongo? Hana cheo anachokitaka, hana shemeji wa kumtafutia nafasi.

Nikupe mfano wa juzijuzi. Mwezi wa kumi na moja palizuka fununu kwamba kuna mchukuzi anapitisha vitu. Tukapekua makabati yao, kumi na sita, kila moja na jina la mwenyewe kwa rangi nyeupe. Karani akapita, akapita, akafika la mchukuzi tunayemwita Ngazi, maana ni mrefu hadi anafikia rafu ya juu bila kukanyaga kitu. Hapo akakaa. Ndani tulikuta shati, sabuni na ndala, lakini mbwa ameshakaa, maneno yamekwisha. Nami nilipewa barua ya pongezi, imetundikwa sebuleni juu ya kabati la vyombo. Ngazi alifukuzwa. Amekata rufaa, itasikilizwa tarehe ishirini Juni, na shahidi ni mimi, kwa kuwa Karani hatapewa kiti. Nasikia siku hizi anabeba matofali kwenye ujenzi, kwani bila barua nzuri kutoka kwetu hakuna ghala litakalomgusa. Ana watoto watatu. Ndiyo hivyo, kila mtu na alilolipanda.

Kuhusu mashine yako, mimi si msomi, ila nina jambo. Palikuwa na mbwa hapa kabla ya Karani, alifaulu kila zoezi. Makopo ya harufu yalikuwa yanafichwa na mzee wa stoo. Mzee akastaafu, na mbwa akawa bwege wa kutupwa. Kumbe miaka yote alikuwa ananusa mikono ya mzee yule, alifuata kopo aliloshika mwisho. Sasa hayo maswali yako yanaandikwa na nani? Hebu inyime mzigo hiyo mashine, uone kama itakaa.

Mjomba wako

18 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, wewe na nyumba nzima. Sisi hatujambo, isipokuwa mtoto alipata homa siku tatu, sasa anacheka. Nimepokea na salamu za goti.

Nilifanya ulivyosema. Maswali yangu yana majibu matatu matatu ya kuchagua. Nikafuta visa vyote. Nikamwondoa fundi, spana, chai na masanduku, nikaacha majibu peke yake, nikaiambia mashine ichague lililo sahihi. Mtu wa kawaida angeuliza, sahihi kwa swali gani? Mashine haikuuliza. Ilichagua, na ikapata sabini na moja kati ya mia. Kwa kubahatisha ingepata thelathini na tatu hivi.

Nilikaa na karatasi hizo tangu saa nne mpaka watu wakaenda kula. Nilipolipata tatizo, niliona aibu hata kumwita jirani yangu wa meza. Jibu la kweli nimekuwa nikiliandika refu kuliko mengine. Si mara zote, ila mara nyingi mno. Napenda likamilike, lijieleze, asije mtu akabisha. Ya uongo nayaandika kwa haraka. Mashine haikuwa inasoma akili ya fundi. Ilikuwa inanisoma mimi, na mimi ndiye niliyekuwa naisahihisha na kuipigia makofi. Bado sijamwambia mkubwa wangu.

Mjomba, sasa naomba uniwie radhi kabla sijasema. Tangu siku hiyo nawaza yale makabati. Ulisema majina yalikuwa yameandikwa kwa rangi. Ina maana ulipofika la Ngazi ulijua ni la Ngazi. Na je, fununu ile ilikuwa na jina?

Naomba ujaribu kitu. Panga makopo matano, moja lenye harufu, afiche mtu mwingine, wewe usijue liko wapi. Umpitishe Karani mara kumi. Akiwa anajua, atajua bila wewe. Usinikasirikie. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Mpwa wako

27 Machi

Mpwa,

Salamu nimepokea. Sote wazima. Mtoto kupona ni jambo la kushukuru.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika, na mama watoto alinikataza kuandika nikiwa hivyo. Wahenga hawakukosea: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mbwa wa mzee wa stoo niliona raha kukusimulia. Wangu usimguse. Miaka ishirini na miwili nimevaa kamba hii kiganjani, na sikutarajia mtoto niliyembeba begani aje aniulize kama naijua kazi.

Hata hivyo nimejaribu, usije ukasema nimeogopa. Jumapili iliyopita tulikwenda uwanja wa mbwa nyuma ya ghala, mimi na mama watoto. Makopo matano, umbali wa hatua mbili mbili. Mimi nikageukia ukutani na Karani, yeye akaficha. Akasema tayari, tukageuka, tukapita. Mara kumi. Karani amepata tisa. Ile moja aliyokosa palipita paka.

Sikujua liko wapi, naapa, wala sikuchungulia. Mbwa alijua. Sasa na wewe mpelekee mkubwa wako hesabu hiyo, umwambie mbwa wa huku hasomi urefu wa majibu.

Fununu ilikuwa fununu. Haikuwa na jina.

Mjomba wako

10 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata ukiwa umekunja uso. Mtoto sasa anasimama kwa kushika kiti, kisha anasahau jinsi ya kukaa, anapiga kelele hadi aje mtu wa kumkalisha. Baba yake anasema tumpeleke kwa Karani akafundishwe.

Tisa kwa kumi si mchezo, na sikatai. Nilimwonyesha yule mama anayechunguza watoto wachanga. Akasoma, akatabasamu, akauliza swali moja tu: huyo aliyeficha, baada ya kuficha alikwenda wapi?

Akanieleza wanavyofanya kwao. Mtoto mchanga anakaa kwenye mapaja ya mama yake, anaonyeshwa vitu, wao wanapima anatazama nini na kwa muda gani. Lakini mama hufungwa kitambaa machoni. Si kwamba wanamshuku kwa hila. Mama akiona, anakaza mapaja bila kujua, pumzi yake inabadilika, na mtoto anazisoma pumzi hizo kabla hajasoma kitu kingine chochote duniani. Zamani, kabla ya kitambaa, walidhani wanapima akili ya mtoto, kumbe wanapima ya mama. Alisema watu wa wanyama nao walijikwaa hapo hapo, na sisi wa mashine tumekuja kwa kuchelewa, tunajikwaa kwa kiburi kipya.

Kwa hiyo nauliza na mimi. Mkazamjomba alikuwa amesimama wapi? Ninavyomjua, alikuwa pale pale, na Karani alipokaribia kopo lenyewe alishika mdomo. Huyu mama hawezi hata kucheza karata bila nyumba nzima kujua amepata nini.

Na lingine ni hili. Mama ameniambia kwenye simu kwamba mwezi wa kumi ulifika kwake umekasirika kwa sababu ya mchukuzi mrefu aliyekutania mbele ya watu. Hukuniandikia hilo. Sikulaumu, nakuuliza tu. Rufaa ni tarehe ishirini Juni, na yule bwana anabeba matofali.

Nakupenda, Mjomba, hata ukinichukia kwa mwezi mmoja.

Mpwa wako

3 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili bila jibu. Mama anasema mu wazima, unakwenda kazini na kurudi, na mkazamjomba akipigiwa simu anasema umetoka, hata nikisikia unakohoa nyuma yake. Basi sikuulizi kitu. Nakupa habari zangu.

Nilimwambia mkubwa wangu. Nilidhani atanifukuza, lakini alifunga mlango, akasema ripoti ilikuwa imebaki kusainiwa tu. Tumetunga mtihani upya. Majibu yana urefu mmoja, anayeandika visa si anayeandika majibu, na wote wawili hawaonani. Bwana wa kunguru ametufundisha kuchanganya na maswali yasiyo na jibu, kuona kama mashine itathubutu kusema haijui. Imepata hamsini na nane. Kwenye yale yasiyo na jibu, haikusema hata mara moja kwamba haijui. Inajibu tu, kwa adabu nzuri, kile inachohisi muulizaji anakitaka.

Nimeiandika hivyo hivyo. Hospitali imeahirisha. Kuna wenzangu wawili hawanisalimii, kwa sababu mashine ile ni jasho lao la miaka minne. Inaniuma, lakini silali tena kwa kugeukageuka. Jambo nililojifunza ni kwamba swali langu lilikuwa baya tangu mwanzo. Nilikuwa nauliza, je, inaelewa? Ilifaa niulize, inatazama nini?

Mkataba wangu unakwisha mwezi wa nane na hakuna aliyesema utaendelea. Usimwambie mama.

Mpwa wako

28 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba zote unazonidai. Sisi wazima. Mama watoto amenikalia hapa pembeni kuhakikisha namaliza. Mtoto mbusu shavu moja, lingine nitakuja kulibusu mwenyewe. Habari ya mkataba sijaisema kwa mtu, ila ikifika mwezi wa nane ukahitaji chumba, hapa chumba kipo na sitakuuliza maswali.

Barua yako ya Aprili niliipasua. Kisha nikaokota vipande, nikavipanga mezani, nikavisoma tena. Nikujibu ulichouliza. Ndiyo, nilikuwa na kinyongo na Ngazi. Wachukuzi walikuwa wanakunywa chai, nikapita na Karani, naye akasema kwa sauti, mbwa ana kazi, mzee ana kamba. Watu wakavunjika mbavu. Ni utani, hata mimi ningeusema. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na miwili ya kazi pale, na walicheka mno. Niliupeleka nyumbani, nikalala nao, nikaamka nao. Fununu ilipokuja haikuwa na jina, hapo sikukudanganya. Jina nililitia mimi, kimoyomoyo. Sikumwambia yeyote, wala sikujiambia.

Sasa Karani. Mama watoto alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwenye makopo. Nilipomuuliza kama alishika mdomo, alicheka hadi machozi, akasema alishika mdomo mara zote ili asiseme. Basi Jumapili iliyofuata tukafanya upya. Akishaficha, anatoka, anafunga lango, anakwenda kukaa garini. Mimi sijui, naye hayupo. Mara ishirini. Karani akapata nane.

Nikasema pua imekufa, amezeeka. Nikaona bora hivyo, kuliko lile lingine nililokuwa nalikwepa. Mama watoto akasema, mwachie kamba, wewe nenda nyuma ya ukuta, tumtazame kwenye simu. Tukaegesha simu kwenye ndoo. Akiwa peke yake, bila mtu, kati ya mara ishirini akapata kumi na saba. Pua ni nzima, mpwa wangu. Ni nzima kabisa.

Likabaki jaribio la tatu, na hilo lilikuwa wazo la mama watoto, mimi nisingekuwa na moyo wa kulitunga. Aliniandikia kwenye karatasi kila safari kopo liko namba ngapi. Hakuniambia kwamba baadhi ya karatasi ni za uongo. Karatasi moja ilisema namba nne. Nikampitisha. Karani alifika namba mbili, akanusa, akasimama. Akanusa tena. Akainua kichwa akanitazama, na mimi nikawa nawaza kwa nini anapoteza wakati, twende la nne. Sikuvuta kamba, sikusema neno. Akaendelea, akafika la nne, akanitazama tena, akakaa. Harufu ilikuwa kwenye namba mbili.

Mara sita za uongo, mara sita alikaa nilipoamini mimi. Alijua kitu kiko wapi, na alijua mimi nadhani kiko wapi, na kati ya hayo mawili alichagua la kwangu. Kwa nini asichague? Nyama nampa mimi. Miaka sita nilidhani nafundisha pua, kumbe nilikuwa nafundisha macho, na mwanafunzi amefaulu kuliko nilivyotaka. Mwambie yule mama wa watoto wachanga kwamba mbwa wangu ana akili sana. Mjinga alikuwa yule aliyeshika kamba.

Niliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikalia. Nasema hivyo hivyo, maana mama watoto anasoma na hatakubali nifiche.

Sikukuandikia kwa sababu sikujua bado nitafanya nini, na niliogopa ukinijibu vizuri nitaona nimeshafanya. Msimamizi wa ghala nilimweleza wiki mbili kabla ya rufaa. Alisema, mzee, ukilisema hilo, mara zote thelathini na moja ambazo mbwa huyo amekaa zitafufuka, na wewe una miaka mitatu ustaafu. Alisema nikae kimya tu, niseme mbwa alikaa, ambalo ni kweli. Nilikwenda nyumbani na neno hilo, na sitakudanganya kwamba lilikuwa chungu. Lilikuwa tamu siku nne nzima.

Tarehe ishirini nikaingia. Chumba kidogo, meza moja, watu watatu na karani wa kuandika. Ngazi alikaa dirishani, amekonda, viganja vimechubuka kwa matofali. Wakaniuliza, mbwa alikaa? Nikasema alikaa. Wakaniuliza, kwa hiyo alimwonyesha nani? Nikasema, alinionyesha mimi. Nikawapa karatasi za makopo na picha za simu, nikawaeleza na habari ya kinyongo. Hakuna aliyenikatiza. Mwenyekiti aliuliza kama najua ninachojifanyia, nikasema sijui sana.

Ngazi amerudishwa kazini. Mbwa wote wamesimamishwa mpaka watafutiwe njia nyingine ya kupimwa, na wameniambia huenda wakaniita niwaonyeshe majaribio ya mama watoto. Kwa sasa niko getini, naandika namba za malori. Karani kachukuliwa na mwenzangu, ananiona asubuhi anatingisha mkia, nami najifanya nina shughuli. Hilo linaniuma kuliko geti.

Lakini sababu iliyonikalisha hapa leo si hiyo. Tulipotoka kwenye rufaa nilimfuata Ngazi kwenye korido. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, nikayasema yote. Alinisikiliza, ameegemea ukuta. Akasema amesamehe, ila kuna jambo moja linamsumbua.

"Mzee, mbona haya uliyoyaeleza leo mimi niliyasema siku ile ile? Nilisema mbwa alikuwa anapita, wewe ukasimama kwanza, ndipo yeye akakaa. Nilisema mara mbili. Na wewe ulikuwepo."

Nikamwambia sikumbuki. Na kweli sikukumbuka, mpwa wangu. Niliporudi ghalani nikaomba faili la Novemba, nikidhani labda amechanganya siku. Karatasi ni moja tu, ya kumbukumbu za mahojiano. Ishara ya mbwa imeelezwa kwa mistari kumi na minne: alivyotembea, alivyoinamisha kichwa, alivyokaa. Kwa upande wa Ngazi pana mstari mmoja. Umeandikwa: Mtuhumiwa hakuwa na maelezo.

Chini yake pana sahihi tatu. Ya kwanza ni yangu.

Mjomba wako